Kosa Linalonyamaza: Tujifunze Kuiagiza Kompyuta Ihesabu Akiba ya Kikundi



Mwezi wa Desemba uliopita tulialikwa na kikundi kimoja cha akiba na mikopo tushuhudie siku yao ya kugawana. Ni kikundi cha watu 24, wengi wao akina mama. Kila mkutano kila mmoja huweka akiba isiyopungua shilingi 200, na mwisho wa mwaka kila mtu hupata chake. Kwa miaka mingi hesabu yao imekaa katika daftari moja kubwa la mweka hazina. Mwaka huo waliamua kujaribu jambo jipya. Kijana wa mmoja wao alikuwa amemaliza kidato cha nne na kujifunza kompyuta kidogo. Wakampa daftari, akaliandika lote kwenye kompyuta, kisha akatengeneza programu ya kujumlisha akiba ya kila mtu.

Siku ikafika. Kijana akaanza kusoma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwa mwanachama nambari 17. Mama huyo akasema hapana, hiyo si hesabu yangu. Kijana akafungua mwezi kwa mwezi. Mwezi wa Machi kompyuta ilionyesha ati mama aliweka shilingi 1. Shilingi moja! Mama akasimama na kadi yake mkononi: "Mimi nilileta elfu moja na mia tano. Niliuza kuku wangu wote wakubwa, na nyinyi mliniona."

Hapo kelele zikaanza. Wengine wakasema kijana amekula pesa. Wengine wakasema kompyuta haikosei, basi ni mama anayetudanganya. Kwa dakika chache tu, watu waliozikana na kuozeshana watoto kwa miaka mingi walikuwa karibu kuvunja kikundi.

Kilichowaokoa ni daftari. Mweka hazina alilifungua, na hapo Machi paliandikwa wazi: 1,500. Kijana hakuwa mwizi. Mama hakuwa mwongo. Kompyuta nayo ilikuwa imefanya sawasawa kama ilivyoandikiwa. Kosa lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na tutalionyesha hapa chini. Lakini kwanza ni lazima tujue jinsi kompyuta inavyosoma na jinsi inavyoagizwa. Vikundi vingi sasa vinatuuliza juu ya jambo hili, kwa hivyo tumeona tulieleze pole pole, kwa mtu asiyejua kitu.

PROGRAMU NI NINI?

Ukimtuma mtoto dukani unamwambia: nunua kibiriti na sukari nusu kilo, urudi na chenji. Akikuta hakuna sukari, atarudi kuuliza au ataenda duka la pili. Mtoto ana akili yake. Sasa fikiri una mtumishi mtiifu sana, mwenye mbio kuliko mtu yeyote, lakini hawezi kukisia hata kidogo. Anafanya neno kwa neno ulivyosema. Ukisahau kumwambia arudi, atabaki huko huko dukani. Huyo ndiye kompyuta.

Programu ni orodha ya maagizo unayomwandikia mtumishi huyo, moja baada ya lingine. Kujifunza programu ni kujifunza kusema jambo wazi bila kuacha hatua. Akina mama wanaoweza kumwelekeza mweka hazina mpya namna ya kujaza daftari tayari wanajua nusu ya kazi hii.

Maagizo huandikwa kwa lugha maalum. Ziko nyingi, lakini kwa kazi ya hesabu na takwimu wanaoanza wengi hutumia Python. Ilibuniwa na Guido van Rossum wa Uholanzi, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kwa Kiingereza jina hilo ni la nyoka chatu, lakini mwenyewe alilichukua kutoka kwa kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza. Lugha hii haiuzwi. Unaweza kuiweka bure kwenye kompyuta ya shule, ya parokia au ya saiba, na ziko njia za kuitumia hata kwenye simu ya Android.

Bila shaka wengine watauliza: je, ni lazima? Hapana. Kikundi cha watu 20 kinaweza kuendelea na daftari na kalamu, au na jedwali la kompyuta kama Excel. Programu inafaa pale kazi ile ile inaporudiwa kila mwezi, au mkiwa na daftari za miaka mingi, au muungano wa vikundi kadhaa. Hapo kazi ya siku mbili inakwisha kwa dakika moja.

HATUA TANO ZA KUANZA

Msijaribu zote siku moja. Saa moja kila juma inatosha. Andikeni wenyewe kwa mkono kwenye kompyuta, msitazame tu mwingine akiandika.

1. Kukipa kitu jina.

    akiba = 200
    wanachama = 24
    print(akiba * wanachama)

Mstari wa kwanza unasema: weka 200 kwenye sanduku liitwalo akiba. Wa pili vivyo hivyo. Alama ya nyota ni kuzidisha. Neno print maana yake ni "nionyeshe". Kompyuta itajibu 4800. Majina ya masanduku mnachagua wenyewe, hata kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Ila angalieni: "Akiba" na "akiba" kwa kompyuta ni masanduku mawili tofauti.

2. Kutofautisha nambari na maneno.

    print(200 + 200)
    print("200" + "200")

Jibu la kwanza ni 400. La pili ni 200200. Kwa nini? Kitu kilichofungwa kwa alama za kunukuu ni neno, na kompyuta ikiambiwa ijumlishe maneno inayaunganisha tu. Wewe ukiona 200 unajua ni pesa. Kompyuta haijui mpaka uiambie.

3. Kutengeneza orodha.

    akiba = [200, 200, 150, 200]
    print(sum(akiba))

Mabano ya mraba yanashika orodha. Neno sum ni "jumlisha". Jibu ni 750. Fanyeni kwanza kwa vidole, kisha mlinganishe.

4. Kurudia na kuweka sharti.

    for kiasi in akiba:
        if kiasi < 200:
            print("Pungufu:", 200 - kiasi)

Hapa tunasema: kwa kila kiasi kilichomo katika orodha, ikiwa ni chini ya 200, tuonyeshe upungufu. Kompyuta itapita watu wote wanne na kuandika mara moja tu: Pungufu: 50. Wangekuwa elfu nne, maagizo yangekuwa hayo hayo matatu. Hii ndiyo faida kubwa ya programu.

Tazameni mambo mawili. Mstari wa for na wa if unamalizika kwa nukta mbili zilizopandana. Na mistari ya chini imesogezwa ndani nafasi nne nne. Kusogeza huko si urembo. Ndiko kunakoiambia kompyuta ni kazi gani iko chini ya agizo gani.

5. Kusoma daftari lote kutoka kwa faili.

Hakuna anayetaka kuandika akiba za mwaka mzima ndani ya programu. Tunaziandika mahali pengine, katika faili la kawaida la maandishi, kisha programu inalisoma. Aina iliyo rahisi huitwa CSV. Kila malipo yana mstari wake, na sehemu za mstari hutenganishwa kwa mkato. Hivi:

    tarehe,nambari,kiasi
    2025-03-04,M01,200
    2025-03-04,M02,200
    2025-03-04,M03,150
    2025-03-04,M17,1,500

Faili hili tuliite akiba.csv, nalo liwe katika folda moja na programu. Programu yenyewe ni hii:

    import csv
    jumla = 0
    with open("akiba.csv") as faili:
        for mstari in csv.DictReader(faili):
            jumla = jumla + int(mstari["kiasi"])
    print(jumla)

Maana yake kwa Kiswahili: Leta chombo cha kusoma CSV. Anza na jumla ya sifuri. Fungua faili. Soma mstari mmoja mmoja, ukichukua mstari wa kwanza kama vichwa vya safu. Kutoka kila mstari chukua kiasi, kigeuze kuwa nambari (hiyo ndiyo kazi ya int), ukiongeze kwenye jumla. Mwisho nionyeshe.

Kabla ya kuendelea, chukueni kalamu. Jumlisheni akiba za watu hao wanne. Mtapata 2,050.

Kompyuta inasema 551.

KOSA LILIKUWA HAPA

Sasa mmeshaona. Tumesema mkato ndio unaotenganisha sehemu za mstari. Sisi tumezoea kuandika elfu moja na mia tano kwa mkato, 1,500. Kijana aliandika alivyoona daftarini, tena kwa uaminifu. Kompyuta ilipofika mstari wa M17 ilihesabu sehemu nne badala ya tatu: tarehe, M17, 1, halafu 500. Sehemu ya tatu ndiyo iliyo chini ya kichwa cha "kiasi", nayo ni 1. Ile 500 haikuwa na kichwa, ikaachwa pembeni. Shilingi 1,499 za mama zikapotea kwa alama moja ya mkato, na kompyuta haikusema neno.

Hapa ndipo tunataka kila kikundi kishike somo. Makosa ya kompyuta ni ya aina mbili.

Kuna kosa linalopiga kelele. Ukisahau zile nukta mbili, au ukiandika jina la sanduku vibaya, programu inasimama na kuandika maneno mekundu ya Kiingereza. Mtu akiandika "mia mbili" kwa maneno mahali pa 200, int itakataa na kusema ValueError. Wanaoanza huogopa sana maneno hayo, wengine hata huacha kujifunza. Msiogope. Kosa hilo ni rafiki. Someni mstari wa mwisho, ndio unaotaja tatizo. Mistari iliyo juu yake inaonyesha ni mstari wa ngapi wa programu uliokwama.

Na kuna kosa linalonyamaza. Programu inamaliza kazi, jibu linatokea zuri kabisa, lakini si kweli. Hili ndilo la kuogopa, maana watu huamini jibu kwa sababu limetoka kwenye kompyuta. Kosa la namna hii ndilo lililotaka kuvunja kile kikundi.

Dawa ya kosa hili la mkato ni mbili. Kwanza, andikeni 1500 bila mkato katika faili. Pili, ilazimisheni programu ipige kelele. Chini ya mstari wa for, ongezeni hii, mkiisogeza ndani sawa na mstari wa jumla:

            if None in mstari:
                print("Kagua:", mstari["nambari"])

Sehemu ya ziada isiyo na kichwa huwekwa chini ya alama iitwayo None, yaani "hakuna". Kwa hivyo tunasema: ukiona sehemu isiyo na kichwa, taja nambari ya mwanachama huyo. Safari hii itaandika Kagua: M17, na kosa litarekebishwa kabla ya mkutano.

DATA SAFI KABLA YA PROGRAMU

Maandishi mnayoiandikia kompyuta ili ifanyie kazi huitwa data. Tumegundua ya kwamba kazi kubwa iko kwenye data kuliko kwenye programu. Mkitia mahindi yenye mawe kwenye kinu, mtapata unga wenye mawe. Tunawashauri hivi:

Kwanza, mpeni kila mwanachama nambari yake, wala msitegemee majina. Katika daftari mtu mmoja huandikwa Wanjiru leo na Wanjiro kesho. Kwa kompyuta hao ni watu wawili, na akiba itagawanyika.

Pili, tarehe ziandikwe namna moja. Mtu akiandika 05/03, ni tarehe tano Machi au tarehe tatu Mei? Andikeni mwaka, mwezi, siku, kama tulivyofanya hapo juu, na hakutakuwa na ubishi.

Tatu, mahali ambapo mtu hakulipa andikeni 0. Msiache wazi. Wazi inaweza kuwa hakulipa, au alilipa na katibu akasahau.

Nne, jaribuni kwanza kwa hesabu mnayojua jibu lake. Chukueni watu watano, mjumlishe kwa kalamu, kisha kwa programu. Zisipolingana, simameni hapo hapo mtafute kosa.

Tano, wekeni nakala mbili za faili, mahali pawili. Kompyuta huibiwa na simu huanguka majini.

Sita, lindeni siri za watu. Nambari za simu, za kitambulisho na madeni ya mtu si mambo ya kutembezwa. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu. Wekeni yale tu mnayohitaji, na wanachama wajue mnaweka nini.

NANI AJIFUNZE?

Mara nyingi vikundi husema: hiyo ni kazi ya vijana. Ni kweli vijana hushika haraka. Lakini tunaona hatari. Hesabu ya kikundi ikijulikana na mtu mmoja tu, mtu huyo anakuwa bwana wa wengine, hata kama hakutaka. Akienda Nairobi kutafuta kazi, ameenda na hesabu. Likitokea kosa, atalaumiwa peke yake, kama yule kijana.

Kwa hivyo wasomee watu wawili au watatu, na mmoja wao awe mweka hazina. Si lazima aandike programu ndefu. Inatosha aweze kufungua faili, kusoma hatua zile tano, na kuuliza: "Hii 551 imetoka wapi?" Siku hizi ziko hata programu za akili bandia kwenye simu, ukiziomba zitakuandikia maagizo yote. Zitumieni mkipenda, lakini swali la mweka hazina ni lile lile. Anayekuandikia programu hajui mnaweka akiba namna gani, na siku ya kugawana hatakuwepo.

Yako pia mambo ambayo hayataingia kwenye programu kamwe. Kompyuta itaonyesha mwanachama M09 hajalipa miezi miwili. Haijui kwamba alifiwa, na kwamba kikundi kilikubali kumngoja. Kuhesabu ni kwa kompyuta. Kuamua ni kwenu.

Mtataka kujua kile kikundi kiliishia wapi. Kijana aliomba msamaha, ingawa wengi waliona hana kosa kubwa. Wale waliomwita mwizi nao walimwomba msamaha, na hilo lilichukua muda zaidi. Mama alipata pesa zake zote siku hiyo hiyo. Sasa utaratibu wao ni huu: juma moja kabla ya kugawana, kijana anatoa karatasi ya hesabu kutoka kwa programu, mweka hazina anasoma daftari lake kwa sauti, na kila mwanachama anafuata kwa kadi yake. Vitu vitatu vikikubaliana, wanagawana. Vikikataana, hakuna anayeitwa mwizi. Wanatafuta mkato. Na mama nambari 17 ni mmoja wa wawili wanaojifunza na yule kijana, kila Jumamosi baada ya soko.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi wanaoweza kueleza jumla ya akiba yetu imetoka wapi?

2. Tufungue daftari letu leo. Je, kuna jina lililoandikwa kwa njia mbili, tarehe isiyoeleweka, au mahali palipoachwa wazi?

3. Ikitokea hesabu haikubaliani, tumekubaliana kufanya nini kabla ya kumshuku mtu?

4. Ni nani wawili au watatu tutakaowachagua wajifunze, na watatumia kompyuta ya wapi?